Pindo la Gauni la Kijani

Sehemu ya Tisa

Tulipoachana wiki jana, mkasi ulikuwa umeanguka sakafuni na mkono wa mtu ulikuwa umetua begani mwa Subana. Mkasi bado uko pale pale, msomaji. Na mkono nao.

"Umehesabu," ilisema sauti nyuma yake.

"Nimehesabu, Shangazi."

"Ukapata nini?"

 Mapajani mwa Subana lilikuwa gauni jekundu la mke wa Kamanda, pindo likiwa limefika nusu. Mishono kumi na saba, fundo. Mishono tisa, fundo. Kumi na nane, fundo. Miaka miwili alishona mapindo ya namna hiyo kwa kufuata kadi za Shangazi, akiamini ni ufundi tu. Leo, kwa mchezo, kila namba ya kadi aliipa herufi yake: moja ni A, mbili ni B, akaendelea hivyo hivyo, akiziruka Q na X ambazo hatuna kazi nazo.

"Risasi," alisema. "Nimepata neno 'risasi'."

Shangazi akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo.

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu, usiachwe. Mji umetekwa. Kamanda wa jeshi la adui na wakubwa wenzake wameleta wake zao, na wake hao wanataka kupendeza. Anayewapendezesha ni Shangazi, mbunifu wa mavazi ambaye mji mzima humwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna gauni linaloanguka miguuni kama la kwake. Majirani wakipita mbele ya duka lake hutema mate. Subana ni mtoto wa marehemu kaka yake, amemlea tangu ana miaka sita. Jina hilo la utani ni la ile kofia ya chuma ya kidole inayomkinga mshonaji na sindano: ndogo, lakini haitoboki. Ana mtoto wa miezi saba. Mume hana, au anaye, hajui. Mume wake, Fundi Saa, alichukuliwa na askari Jumatano moja, miezi minne iliyopita, na hadi leo hakuna aliyemwambia kama ni mfungwa au ni maiti.

Sasa turudi ndani. Mlango umefungwa.

"Kaa," alisema Shangazi.

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri, maana nikimaliza utataka kusimama."

Upande wa pili wa mlango cherehani ilikuwa inanguruma, ile ya tatu, ya karibu na dirisha. Ni ya Kicheko, mshonaji mwenzake Subana, ambaye hata msibani hucheka kidogo. Mguu mmoja alikanyagia cherehani, mguu wa pili akimbembelezea mtoto wa Subana kwenye kapu la vitambaa. Mtoto alikuwa anacheka naye.

Shangazi alishusha sauti. "Mpiga pasi wa nyumbani kwa Kamanda ni mtu wangu. Gauni likifika, analipiga pasi na kulisoma. Akisoma yeye, wenzetu walioko msituni wanajua kabla jua halijazama. Akiwa na la kuniambia, huliweka kwenye pindo, gauni likirudi kwa marekebisho. Mpishi wa kambi ni mtu wangu. Kinyozi wa hotelini ni mtu wangu. Tulikuwa kumi na wawili. Mwezi jana muuza maua akakamatwa, tumebaki kumi na mmoja."

"Na mkubwa wenu ni nani?"

Shangazi alivua futi shingoni, akaanza kuikunja polepole.

Subana alitoa macho. "Wewe? Wewe unayepanda juu ya kiti ukiona mende?"

"Mende hana mke wa kushonewa, nitamfanya nini?"

Lingekuwa jambo la kucheka, siku nyingine.

"Na mimi, Shangazi? Mimi ni nani katika hao kumi na mmoja?"

Shangazi akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vipande vya tangawizi. "Hivi haviwezi tena mshono mdogo. Wewe humo kwenye hesabu. Wewe ni mkono wangu. Hakuna neno lililotoka nyumba hii miaka miwili hii lisilopita kwenye vidole vyako."

Nisifiche, msomaji: kwa muda mfupi Subana aliona fahari. Yeye aliyetemewa mate sokoni! Yeye aliyeitwa kibaraka mwenye sindano! Kumbe kila mshono wake ulikuwa jiwe alilomrushia adui. Moyo ukamjaa, akataka kumkumbatia shangazi yake.

Lakini kabla hajainuka, mkono wake uligusa kitu kwenye mfuko wa aproni.

Daftari.

Shangazi alikuwa na desturi ya kuzichoma kadi zake ndani ya pasi ya makaa, pindo likiisha tu. Asichojua ni kwamba mpwa wake alizinakili zote kwanza. Subana alikuwa na ndoto ya kufungua duka lake siku moja, na mtu anayeota duka haachi siri ya pindo zuri iungue hivi hivi. Kila gauni lilikuwa na ukurasa wake: rangi yake, tarehe, na zile namba.

Akalitoa. Akafunua.

"Hicho ni nini?" Shangazi aliuliza.

"Daftari langu la ufundi."

"Umenakili kadi zangu? Zote? Mwanangu, hilo daftari linaweza kunyonga watu kumi na mmoja!"

Subana hakusikia. Alikuwa amefika kwenye gauni la kijani. Tarehe ile aliijua kama anavyoijua siku ya kuzaliwa kwa mtoto wake. Gauni lile lilitoka dukani Jumatatu. Alilimalizia nyumbani, mumewe akiwa ameketi pembeni na mtoto kifuani, na mume yule alilitazama pindo kwa muda mrefu kuliko mwanamume yeyote anavyotazama pindo, kisha akasema, "Zuri, mke wangu. Zuri sana."

Sita. Ishirini. Kumi na nne. Nne. Tisa.

Akachukua kipande cha chaki, akaandika juu ya meza ya kukatia. F, U, N, D, I.

"Subana, acha," alisema Shangazi.

Kumi na nane. Moja. Moja.

"Acha, mwanangu, nikueleze kwanza."

Chaki haikuacha. Iliposimama, maneno matatu yalikuwa juu ya meza: FUNDI SAA JUMATANO.

Na Jumatano ndiyo siku waliyokuja askari.

Subana aliinuka. Aliambiwa atataka kusimama, na kweli alisimama.

"Umemuuza mume wangu," alisema. "Na umenishonesha mimi. Kwa mkono wangu, Shangazi! Nikiwa namnyonyesha mtoto wake!"

"Sikiliza..."

Honi ikalia nje. Mara mbili, fupi fupi, kama mtu asiyezoea kusubiri.

"Ni yeye," alinong'ona Shangazi. "Mke wa Kamanda. Mbona mapema hivi?" Akafuta chaki kwa kiganja, akaweka pini sita mkononi mwa Subana. "Nichukie baadaye. Sasa hivi tunapima."

* * *

Mke wa Kamanda alikuwa mwanamke mkubwa, mchangamfu, mwenye manukato yanayotangulia kuingia. Mkononi alibeba gauni lile lile la kijani.

"Mama Pindo wangu! Hili limenikataa. Sijui limesinyaa au mimi ndiye nimefura."

"Nguo zina wivu, mama," alisema Shangazi, sauti yake tamu, bila ufa hata mmoja. "Tutaliachia kiunoni kidogo. Na hili jekundu twende tulijaribu."

Subana alipiga magoti kwenye chumba cha kujaribia, pini mdomoni, akaanza kuligeuza pindo jekundu. Mshonaji mwenye pini mdomoni hana neno la kusema, na siku hiyo ilikuwa bahati ya wengi. Maana neno lilikuwepo.  *Hesabu mishono, mama. Hesabu tu mishono.* Maneno matatu, na Shangazi angeonja alichomwonjesha Fundi Saa. Juu yake, macho ya Shangazi yalikuwa kwenye kioo, na kioo kilikuwa kinamtazama yeye.

Akazitoa pini mdomoni. Moja. Mbili. Tatu. Akazishika kiganjani.

"Mama," alianza.

"Ngoja kwanza, binti." Mke wa Kamanda alikuwa ameinua mkono wake sikioni. "Sikieni! Sikieni inavyokwenda! Saa ya marehemu mama yangu, miaka kumi ilikuwa imekufa. Tuna mfungwa mmoja pale nyumbani, mume wangu anampa saa zake zote. Ametengeneza hii jana. Anatumia mkono wa kushoto, basi unaona kama anafanya kinyume. Na ana kichekesho: kabla hajafunga kifuniko, anaipuliza saa, fuu, kama mama anayepuliza kidonda cha mtoto."

Pini ikaingia kwenye nyama.

"Yoo! Unanichoma!"

"Msamehe, mama," Shangazi alidakia. "Ana mtoto mdogo, halali vizuri."

Subana hakusikia kilichofuata. Katika dunia hii kulikuwa na mtu mmoja tu aliyepuliza saa kwa namna hiyo. Alimpuliza hata mtoto wao utosini, siku aliyozaliwa.

Yu hai.

Yu hai, anakula, anapuliza saa, mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa.

"Dereva atalipitia jekundu saa sita juu ya alama," alisema mke wa Kamanda akivaa viatu. "Lazima lipigwe pasi, karamu ni leo. Hilo la kijani sina haraka nalo." Akambusu Shangazi mashavu yote mawili. "Mji huu usingekuwa na wewe, ningekufa kwa upweke."

* * *

Gari lilipoondoka, walirudi chumba cha kukatia. Safari hii Subana ndiye aliyezungusha ufunguo.

"Yu hai. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Miezi minne!"

"Miezi minne na siku tisa. Unadhani wewe peke yako unahesabu?" Shangazi alijishusha kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Ule ujumbe haukwenda kwa adui. Ulikwenda kwa mpiga pasi. 'Fundi Saa, Jumatano.' Maana yake, mtegemee, atafika, ni wetu. Tulitaka masikio ndani ya nyumba ile, ofisini kwa Kamanda, mahali ambapo pasi haifiki. Kamanda ana ugonjwa wa saa. Zote zimekufa, na hana wa kuzifufua."

"Kwa hiyo ukampelekea mume wangu kama mzigo."

"Nilimdokezea mkewe, hapa hapa, nikimpima kiuno. Nikamwambia kuna fundi mmoja mjanja, ila ana mdomo mrefu, anaitukana serikali yenu barazani kila Jumatano. Wakamkamata kwa mdomo, wakamweka kwa mkono wake."

"Angeweza kupigwa risasi!"

"Angeweza."

"Na yeye ulimwambia lini? Alipokuwa tayari amefungwa kamba?"

Shangazi alitazama ufunguo mlangoni. Subana alianza kuogopa jibu kabla halijatoka.

"Wazo lilikuwa lake," alisema Shangazi.

"Muongo."

"Alikuja hapa siku tatu kabla sijakupa kadi ya lile pindo. Akasema, Shangazi, nipeleke mimi. Na akaomba jambo moja tu. Akasema, mke wangu asijue. Akijua nitarudi, hatalia vizuri. Uso wake hauna kifuniko, kila saa inayotembea ndani yake inaonekana. Wakija kumchunguza, na lazima watakuja, walikute chozi la kweli."

Na kweli walikuja. Subana aliwakumbuka: askari wawili na mwenye miwani, wakimtazama akigaagaa sakafuni. Mwenye miwani alisema, "Huyu hajui kitu," wakaondoka. Majuma matatu baada ya hapo maziwa yalimkauka. Mtoto alilia hadi sauti ikaisha, yeye naye akilia juu yake, na Shangazi akizunguka chumbani usiku kucha na maji ya moto, akijua. Akijua!

"Mlikaa hapa wawili," Subana alisema polepole, "mkanipima. Mkanikata. Mkanivaa."

"Machozi yako ndiyo yaliyomlinda, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

"Kuna panya humu, Subana. Muuza maua hakukamatwa kwa bahati mbaya. Sijui panya ni nani, kwa hiyo sikumwambia mtu, hata..."

"Hata mimi. Sawa. Nimesikia."

Akafungua mlango, akatoka.

* * *

Kicheko alimwona tu, akasimamisha cherehani.

"Shoga! Nani kakunyang'anya roho? Hebu njoo huku."

Akamvuta hadi nyuma, kwenye bomba la maji, mtoto akiwa kiunoni mwake. Alimfuta uso kwa ncha ya kanga yake. Huyu Kicheko, msomaji, ndiye aliyemtafutia Subana maziwa ya mtoto, yake yalipokauka, ndiye aliyelala naye chumba kimoja wiki ya kwanza.

"Ni kwa sababu ya mume?" Kicheko aliuliza. "Nilikwambia, lia hadi yaishe. Chozi halina ankra, hulilipii."

"Yu hai."

Mkono wa Kicheko ulisimama. "Nani kasema?"

Hapo, msomaji, kama ungekuwepo ungemziba mdomo. Hukuwepo. Na moyo uliosalitiwa ni kama gunia lililokatwa uzi wa mdomo, ukivuta kidogo tu, yote yanamwagika. Subana alimwambia. Kwamba mumewe yuko kwa Kamanda, hakukamatwa, alijipeleka. Kwamba Shangazi ndiye aliyepanga. Kwamba wawili hao walimfanya yeye pazia la kujifichia.

"Wote wamenidanganya," alisema, kichwa kikiwa begani mwa mwenzake. "Mume, Shangazi, wote. Umebaki wewe tu."

"Pole, mama," Kicheko alisema taratibu, akimpigapiga mgongoni. "Pole. Ndiyo wahenga wakasema kikulacho ki nguoni mwako."

Na hakucheka. Subana alilikumbuka hilo baadaye. Kicheko hakucheka hata kidogo.

Akambusu mtoto, akamrudisha mikononi mwa mama yake, akajifunga kanga upya. "Ngoja nikimbie dukani mara moja. Uzi mweusi umeniishia. Nikirudi tutaongea vizuri, sawa? Usimwambie mtu mwingine."

* * *

Shangazi alikuwa peke yake chumba cha kukatia, akijaribu kulimalizia pindo jekundu kwa vile vidole vyake. Sindano ilimponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena.

"Saa tano na nusu," alisema bila kuinua macho. "Dereva anakuja saa sita. Nusu ya neno iko ndani, nusu haijaingia."

"Malizia mwenyewe. Mimi sishoni tena maneno ya watu."

"Sikulaumu."

Subana alimfunga mtoto mgongoni, akaanza kukusanya vitu vyake: subana, mkasi mdogo, mto wa pini. Anakwenda wapi? Hakujua. Popote ambapo mtu akikwambia "zuri, mke wangu" anamaanisha zuri tu.

Gauni la kijani lilikuwa limetupwa kwenye kiti, limemzibia njia. Akalinyanyua aliweke pembeni. Na hapo, ndugu msomaji, mkono wa fundi ulimsaliti fundi. Maana anaweza kukasirika, anaweza kuapa, lakini mshonaji hapiti mbele ya pindo baya bila kulitazama.

Na pindo hili lilikuwa baya. Mishono imelala upande.

Akalisogeza dirishani. Yeye hushona mishono ikilala kulia, na mpiga pasi, kwa alivyoiona kazi yake kwenye magauni yaliyowahi kurudi, hushona hivyo hivyo. Hii ililala kushoto. Yote. Mipana, minene, kama mistari ya mtoto wa darasa la kwanza.

Aliwahi kuicheka mishono hii. Akiwa na mimba ya miezi minane, alimfundisha mtu mmoja kupinda nepi, na nepi zote zilitoka hivi, zikilala kushoto, na mtu yule akisema, "Wacheke watu, mwanangu hatacheka. Atajisaidia humo humo."

"Shangazi." Sauti ilimtoka nyembamba. "Hili halikushonwa na mpiga pasi."

Shangazi aliinuka haraka hata kiti kikaanguka. Aliiangalia mishono, kisha akamwangalia Subana.

"Hajawahi kuandika mwenyewe. Nilimkataza. Ni hatari mno." Akamsukumia chaki. "Macho yangu hayaoni. Hesabu."

Subana alihesabu. Hakuhesabu kwa ajili ya Shangazi. Alikuwa amemkosa mtu yule miezi minne na siku tisa, na hii ilikuwa barua yake ya kwanza.

Kumi na tatu. Kumi na nane. Moja. Kumi na mbili. Tisa. Kumi na tisa. Tisa.

MSALITI.

Chaki ikasimama. Wanawake wawili wakatazamana juu ya meza. Mmoja aliwaza: ni wewe, siku zote ni wewe. Wa pili aliwaza: Mungu wangu, asije akawa huyu mtoto niliyemlea. 

"Endelea," alisema Shangazi.

Tatu. Nane. Tano. Kumi na saba. C, H, E, R. Mtoto alikohoa mgongoni. E, H, A, N, I.

"Cherehani," Shangazi alisoma kwa pumzi. "Cherehani gani? Ziko tatu tu. Yangu, yako, na..."

Subana alikuwa amefika mwisho wa pindo. Kumi na tisa, moja, kumi na tisa, ishirini. Hakuiandika. Hakukuwa na haja.

YA TATU.

"Kicheko yuko wapi?" Shangazi aliuliza. Kisha akauona uso ule usio na kifuniko. "Subana. Umemwambia nini?"

"Amekwenda kununua uzi mweusi," Subana alisema. "Umemwishia."

Wakaenda wote wawili hadi mlangoni. Cherehani ya tatu ilikuwa imefunikwa kitambaa vizuri, kama mtu anayefunga kazi ya siku. Kando yake, kwenye kibati, zilipangwa roli tano za uzi mweusi. Karatasi zake hazijachanwa.

Shangazi alishika kizingiti. "Umemwambia kwamba alijipeleka? Umemwambia hilo?"

"Yote."

Mtu angetegemea kofi. Halikuja. Shangazi alimtazama tu, na Subana aliijua ile sura kwa sababu ndiyo aliyoivaa yeye asubuhi yote. Sasa walikuwa sawa. Kila mmoja alikuwa amemtoa Fundi Saa kwa mkono wake mwenyewe.

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Ana mguu tu," Subana alisema ghafla.

"Nini?"

"Kicheko. Anakwenda kwa miguu, na getini atasubirishwa, atapekuliwa, ataulizwa anamtaka nani. Gauni linakwenda kwa gari, na linaingia moja kwa moja chumba cha pasi." Alikwishalivuta gauni jekundu mapajani, mkasi ukiikata ile nusu ya neno la kwanza. "Neno fupi la kumtoa mtu ndani ya nyumba ni lipi?"

"Kimbia," alisema Shangazi.

Kumi na moja, tisa, kumi na tatu, mbili, tisa, moja. Subana alijumlisha kichwani huku akitunga sindano. Mishono arobaini na mitano, na mafundo sita. Kwa mkono wake, dakika tisa, mtoto asipolia.

Mtoto akalia.

Shangazi alimfungua mgongoni, akamchukua, akaanza kuzunguka naye chumbani kama alivyozunguka naye wakati ule wa maziwa kukauka.  Sindano ilizama, ikaibuka, ikazama. Kumi na moja, fundo. Subana hakuwa amemsamehe mtu. Akitoka salama nitamkaba mwenyewe, aliwaza, kwa mikono yangu hii. Tisa, fundo. Lakini atoke kwanza. Kumi na tatu, fundo. Atoke kwanza, halafu aniambie usoni. Mbili, fundo.

KIMB.

Mishono kumi imebaki.

Honi ikalia nje. Mara mbili, fupi fupi.

"Amewahi," Shangazi alisema, akasogea dirishani, akainua ncha ya pazia kwa kidole kimoja. Akabaki hivyo hivyo, mtoto begani, hatikisiki.

"Mwambie asubiri kidogo tu," Subana alisema, sindano ikikimbia. "Moja. Mbili. Tatu. Shangazi, mwambie asubiri!"

Shangazi hakutoka dirishani. Mlango wa gari ulifunguliwa huko nje, na kabla ya mguu wa mtu yeyote kugusa ngazi, Subana aliisikia sauti aliyokuwa akifanya nayo kazi bega kwa bega miaka miwili.

Mtu kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva wa Kamanda, alikuwa anacheka.